Aliyechimba Hayumo Kwenye Mkataba

Msikilizaji wangu wa Baraka, wa Fizi mlimani, wa Mboko, wa Kazimia, wa Lulimba na Misisi, kama betri ya redio yako bado ina nguvu, kaa nami kidogo. Leo nazungumzia bomu la atomiki. Usizime, nitakufikisha nyumbani.

Tarehe 12 Juni 1968, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Nchi 95 ziliunga mkono, 21 zikajizuia, nne zikakataa katakata. Hizo nne ni Albania, Kuba, Tanzania na Zambia. Mbili kati yake zinapakana nasi kwenye ziwa hili hili tunalovua ndagala. Burundi, jirani yetu mwingine wa ziwa, ilikuwa kwenye wale 21 waliojizuia, pamoja na Rwanda na Uganda. Na sisi? Mkataba ulifunguliwa kwa saini tarehe 1 Julai. Ilipofika tarehe 22 ya mwezi huohuo, Kongo ya Mobutu ilikuwa imekwisha kutia saini, na mwaka 1970 ikauridhia.

Ziwa moja, nchi nne, misimamo mitatu. Tumezoea kudhani kwamba habari za nyuklia ni za watu wa mbali: Marekani na Urusi, Irani na Israeli, Korea ya Kaskazini. Mwandishi wa habari akisoma majina hayo, sisi tunangoja afike kwenye habari za barabara ya Uvira. Kumbe hapa hapa, kwenye fukwe za Tanganyika, serikali zilipishana kabisa juu ya jambo hilo, na kupishana kwao kulikuwa na sababu.

Tuanze na waliokataa. Nyerere na Kaunda hawakuwa wapenda mabomu. Tatizo lilikuwa namna mkataba ulivyozigawa nchi. Ndani yake imeandikwa kwamba dola la nyuklia ni lile lililokwisha kulipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967. Waliowahi siku hiyo ni watano: Marekani, Urusi ya Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China. Hao wakabaki na vyao. Wengine wote duniani wakatakiwa kuapa kwamba hawatavitafuta. Kwa upande wao, wale watano waliahidi katika kifungu cha sita kwamba watajadiliana kwa nia njema ili wapunguze hadi wamalize. Tarehe ya kumaliza haikuandikwa. Dar es Salaam na Lusaka zikaona mkataba wa namna hiyo unamfunga mikono asiye na kitu na kumwachia mwenye nacho. Leo vimebaki duniani vichwa vya nyuklia kama 12,000, na dola zilizo navyo zimekuwa tisa, kwa hiyo sidhani kama kuna mtu anaweza kuwacheka waliopiga kura ya hapana.

Kuhusu Kuba, wazee wa Fizi hawahitaji kufundishwa. Aprili 1965 boti iliyotoka Kigoma ilimshusha pwani ya Kibamba mgeni aliyejiita Tatu. Alikaa kwenye milima yetu hadi Novemba, pamoja na Wakuba wenzake, akijaribu kuwasaidia wapiganaji wa Laurent Kabila dhidi ya serikali ya Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Huyo ndiye Che Guevara. Miaka miwili na nusu kabla ya kufika kwetu, Oktoba 1962, Che alikuwa waziri wa viwanda katika serikali iliyoyapokea makombora ya nyuklia ya Kisovieti, na dunia ikakaribia kuungua. Makombora yaliondolewa kwa makubaliano ya Washington na Moscow, Havana haikuulizwa. Nchi iliyopitia hayo haikushangaza mtu iliposema hapana mwaka 1968. Kuba ilikaa nje ya mkataba ule hadi 2002. Nikifikiria kwamba mtu aliyeshiriki katika jambo zito kiasi kile alilala kwenye vibanda vya nyasi huku juu, akitetemeka kwa homa na kukerwa na makamanda wasiofika mstari wa mbele, naona historia ya Fizi bado haijaandikwa hata nusu.

Tanzania haikuishia kwenye kukataa. Mei 1984, wakati Marekani na Wasovieti wamenuniana na kurundika makombora Ulaya, viongozi sita wa mabara mbalimbali walitoa wito wa pamoja wa kusimamisha majaribio, utengenezaji na uwekaji wa silaha hizo. Walikuwa Raúl Alfonsín wa Argentina, Andreas Papandreou wa Ugiriki, Indira Gandhi wa India, Miguel de la Madrid wa Meksiko, Olof Palme wa Uswidi, na Julius Nyerere. Januari 1985 wakakutana Delhi. Indira hakuwepo tena, alikuwa ameuawa Oktoba. Mwalimu Nyerere aliongea na wenye mabomu akiwa hajatia saini mkataba wao. Tanzania na Zambia ziliingia mwaka 1991 tu, Vita Baridi vimekwisha na Afrika Kusini nayo inaingia mwaka huo huo baada ya kubomoa mabomu yake sita. Burundi ilikuwa imetangulia mwaka 1971. Na ni Burundi hiyo hiyo iliyoupa uhai mkataba wa Pelindaba, ule unaolifanya bara zima la Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia: ulitiwa saini Cairo Aprili 1996, ukangoja miaka kumi na mitatu nchi ya ishirini na nane iuridhie, na tarehe 15 Julai 2009 Bujumbura ikapeleka karatasi yake. Watu wa Uvira wanaotazama taa za Bujumbura kila usiku, sijui kama wanajua hilo.

Sasa turudi kwetu. Kati ya nchi nne za ziwa, iliyosema ndiyo haraka kuliko zote ni ile ambayo udongo wake ulikuwa tayari umeua.

Kutoka hapa Baraka ukifuata barabara ya taifa nambari 5 kwenda kusini, unapita Fizi, unashuka Kalemie, unaendelea Moba na Pweto, hadi unafika Lubumbashi. Siku ngapi, inategemea mvua na vizuizi. Wenye malori wanajua. Ukifika Lubumbashi ukageuka kaskazini-magharibi kuelekea Likasi, kuna mahali panaitwa Shinkolobwe. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, aliona pale mawe yenye rangi kali, manjano na kijani. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière du Haut-Katanga, ikaanza kuchimba mwaka 1921. Hawakutafuta urani. Walitafuta radiamu, iliyokuwa ghali kupita dhahabu, ya kutibia saratani na ya kupaka mishale ya saa ing'ae gizani. Mawe yakipelekwa Olen, Ubelgiji, yanakamuliwa radiamu. Urani ilikuwa karibu ni takataka.

Ubora wa mawe yale haukuwa na mfano. Kwingineko duniani mtu akipata mwamba wenye urani chini ya asilimia moja anafurahi. Shinkolobwe kulikuwa na mawe yenye zaidi ya asilimia sitini. Watu waliyaokota kwa mikono, wakayachagua kwa macho na vidole, wakayajaza kwenye magunia. Vumbi lake lilikuwa kwenye nguo walizorudi nazo kwa wake zao.

Julai 1939 wanafizikia wawili waliokimbia Ulaya, Leó Szilárd na Eugene Wigner, walikwenda kumwona Albert Einstein kwenye nyumba yake ya likizo karibu na New York. Hofu yao ilikuwa Kongo: Hitler akiwahi urani ya Wabelgiji, kwisha habari. Wazo la kwanza lilikuwa Einstein amwandikie Mama Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, aliyekuwa anafahamiana naye. Baadaye barua ikaelekezwa kwa Rais Roosevelt, ya tarehe 2 Agosti 1939, na ndani yake imeandikwa kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Tulikuwemo tangu barua ya kwanza. Tulitajwa kama mgodi.

Mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa mtu mwenye akili ya biashara. Mwaka 1940 alihamisha zaidi ya tani elfu moja za mawe yale kutoka Katanga, akayaweka ghalani Staten Island, New York, ndani ya mapipa ya chuma, akangoja mteja. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alimfuata ofisini. Mazungumzo hayakufika saa moja, na makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi ya manjano. Halafu wanajeshi wahandisi wakaja Katanga kunyonya maji kwenye mgodi uliokuwa umefungwa tangu 1937, na mawe yakaanza tena kutoka: kwa treni hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kwa meli za mto hadi Léopoldville, kwa treni tena hadi Matadi, kisha baharini. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko. Hadi mwisho wa mwaka ule, watu karibu 140,000 wa mji ule walikuwa wamekufa.

Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Kuna hata jiwe lenye urani lililoitwa kwa jina lake, sengieriti. Liko kwenye makumbusho ya dunia. Majina ya waliochimba hayapo mahali popote ninapoweza kukuonyesha.

Kisha ikaja zawadi. Juni 1959, kwenye kilima cha Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, kinu kidogo cha nyuklia kutoka Marekani kiliwashwa. Kiliitwa TRICO, na kilikuwa cha kwanza katika Afrika nzima. Monsinyori Luc Gillon, mkuu wa chuo na mwenyewe mwanafizikia, alikuwa amehoji kwa nini nchi iliyotoa urani yote ile isipate hata kitu cha kufundishia wanafunzi. Swali zuri, na jibu lilikuja. Mwaka 1972 kikawekwa kinu cha pili chenye nguvu zaidi. Lakini miaka ya sabini vijiti viwili vya mafuta ya nyuklia vilitoweka pale. Kimoja kilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu waliokuwa wanatafuta mnunuzi. Cha pili hakijaonekana hadi leo. Kinu hicho cha pili kilizimwa mwaka 2004. Mtu akisema Kongo iliheshimu mkataba wa 1968, ni kweli, Kinshasa haikujaribu kamwe kutengeneza bomu. Ila kuheshimu mkataba na kulinda mlango wa stoo ni kazi mbili tofauti, na ya pili haikufanywa.

Shinkolobwe nako, Wabelgiji waliziba mashimo kwa zege wakati wa uhuru. Mwisho wa miaka ya tisini, kampuni ya madini ya Gécamines imeanguka na watu hawana mishahara, maelfu ya wachimbaji wadogo walirudi pale kutafuta kobalti na shaba. Kobalti hiyo ilikuwa imechanganyika na urani. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitia saini amri ya kuufunga mgodi. Watu wakaendelea kuchimba. Julai mwaka huo sehemu ya mgodi iliporomoka, ikaua. Umoja wa Mataifa ukatuma wataalamu wakapime, wakakuta kwamba mahali pale si pa mtu kufanyia kazi. Kijiji cha wachimbaji kilibomolewa, watu wakafukuzwa. Walikwenda wapi na mapafu yao, hakuna daftari lililoandika.

Najua kuna anayenisikiliza saa hii Makobola au Lulimba anayesema: wewe wa redio, hapa kwetu hakuna aliyekufa kwa atomiki. Tunakufa kwa kalashi. Vijana wanashuka mlimani na bunduki, wengine wanapanda na bunduki, mama anakimbia na godoro kichwani mara ya tano, na wewe unatuletea Hiroshima!

Sina ubishi na mtu huyo. Bunduki ndogo ndiyo bomu la Fizi. Nitamwongezea tu kwamba hata hilo lina karatasi yake. Azimio 1493 la Baraza la Usalama, la Julai 2003, liliwekea vikwazo vya silaha makundi yaliyokuwa yakipigana Ituri na Kivu zote mbili. Kivu Kusini imetajwa kwa jina. Na kuna Mkataba wa Kinshasa wa 2010 wa kudhibiti silaha ndogo Afrika ya Kati, ulioanza kufanya kazi 2017. Unaweza kuniuliza silaha hizo zimepungua wapi. Niulize. Ila angalia pia nani anatengeneza risasi na nani anachimba kinacholipia risasi, kisha uangalie nani alitengeneza bomu na nani alichimba kilichomo ndani yake. Hapo ndipo mambo haya mawili yanapokutana, na ndiyo sababu nimelileta jambo hili Baraka badala ya kuwaachia maprofesa wa Lubumbashi.

Tufike basi kwenye mkataba mpya, kwa sababu ndio ulionifanya niandike mazungumzo haya. Tarehe 7 Julai 2017, nchi 122 zilipitisha Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia. Huu haugawi watu. Hakuna watano wa kubaki na vyao. Silaha ni haramu kwa wote, kuwa nazo, kuzitengeneza, hata kutishia nazo. Ni mkataba ambao Tanzania ya 1968 ingeupenda. Wanaharakati walioupigania, muungano uitwao ICAN, walipata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka huo huo. Mwaka uliofuata tuzo hiyo ilikuja hospitali ya Panzi, Bukavu, kwa Daktari Mukwege. Sisi tunakumbuka hiyo ya pili, na ni haki yetu. Kongo ilitia saini siku ya kwanza kabisa, tarehe 20 Septemba 2017, na ikauridhia tarehe 22 Septemba 2022. Kwa hilo Kinshasa inastahili pongezi. Nchi nyingi zenye kelele zaidi yetu bado ziko nje.

Mkataba huu una jambo ambalo ule wa 1968 haukuwa nalo kabisa: unawakumbuka walioumia. Kifungu cha sita kinaitaka kila nchi mwanachama iwasaidie watu walio chini ya mamlaka yake walioathiriwa na silaha za nyuklia: matibabu, urekebishaji wa viungo, msaada wa kiakili, kuwarudisha kwenye maisha na uchumi wa jamii. Pia isafishe ardhi iliyochafuliwa. Kifungu cha saba kinazitaka nchi nyingine zichangie. Nilipokisoma kile cha sita kwa mara ya kwanza niliwaza moja kwa moja wazee wa Likasi.

Kisome tena kwa makini. Kinasema: walioathiriwa na matumizi au majaribio ya silaha hizo. Matumizi ni Hiroshima na Nagasaki. Majaribio ni jangwa la Algeria, ambako Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Februari 1960, ni nyika za Kazakhstan, ni visiwa vya Pasifiki. Watu wa huko wana haki zote. Lakini yule aliyeingia shimoni Shinkolobwe mwaka 1943 hakupigwa na bomu wala hakuishi karibu na majaribio. Alilichimba tu. Kwa maneno ya kifungu cha sita, huyo hayumo.

Kuna mwanya mdogo. Kwenye utangulizi, mkataba unakiri kwamba shughuli za silaha za nyuklia zimewaumiza kupita kiasi watu wa asili wa maeneo mbalimbali. Shughuli ni neno pana, kuchimba kunaingia humo bila shida. Ila utangulizi ni utangulizi. Wakili yeyote wa mahakama ya Uvira atakwambia kwamba hakimu halipishi mtu fidia kwa kutumia utangulizi.

Kwa nini wachimbaji waliachwa? Nina dhana yangu, na ninaisema kama dhana. Kwenye meza ya majadiliano, walioungua walikuwepo wenyewe. Wazee wa Hiroshima, wamevaa vizuri, walisimama New York wakasema nilikuwa na umri huu, nilikuwa mtaa huu. Wa Kazakhstan walikuwepo. Kiribati, nchi ya visiwa yenye watu wachache kuliko jimbo letu moja, ilikuwepo, kwa sababu Waingereza na Wamarekani walilipua mabomu kwenye kisiwa chake cha Kiritimati. Baada ya mkataba kuanza, ni Kazakhstan na Kiribati zilizoshika uongozi wa mazungumzo kuhusu vifungu hivyo viwili. Hazikungoja kuitwa. Kongo, yenye hoja nzito kama zao, ilitia saini kwa wakati na kurudi nyumbani.

Na pengine kuna sababu nyingine ya ukimya. Kifungu cha sita kinampa mzigo wa kwanza yule ambaye watu walioumia wako chini ya mamlaka yake. Ukiongeza wachimbaji, wa kwanza kudaiwa ni Kinshasa, siyo Brussels wala Washington. Ubelgiji haimo kwenye mkataba. Marekani haimo. Wenye mabomu wote tisa hawamo. Serikali inayotafuta hela ya kulipa walimu wa Fizi haiwezi kupenda mkataba unaoiambia ianze kupima mapafu ya watu wa Katanga kwa gharama yake. Naelewa woga huo. Ila nao una dawa, kwa kuwa kifungu cha saba kiliwekwa hasa kwa ajili ya nchi zisizoweza kubeba mzigo peke yao, na Japani ina madaktari ambao kwa miaka themanini wamejifunza magonjwa ya mionzi. Nchi isiyoomba haitapewa. Na kuomba kunaanza na kukubali kwamba hao wachimbaji walikuwepo.

Tusiifanye Shinkolobwe kuwa ya watu wa Katanga pekee. Nenda Misisi asubuhi moja. Kijana anatoka shimoni, tochi imefungwa kichwani kwa mpira, gunia mgongoni, jasho limechora mistari kwenye vumbi la uso. Kadi ya mchimbaji, kama anayo, imeloa mfukoni. Chini kidogo akina mama wanatwanga mawe, na mtu mmoja amepiga magoti kwenye beseni anachanganya zebaki na mchanga kwa vidole vitupu, anakamua kwenye kitambaa, anachoma juu ya jiko, moshi unampita puani. Dhahabu ile itavuka ziwa au itapanda ndege, na huko inakofika itakuwa na hati safi yenye mihuri. Hati hiyo itasema ilitoka nchi gani na nani aliinunua. Yule wa kwenye beseni haitamsema. Mawe ya Shinkolobwe yaliandikwa namna hiyo hiyo: jina la kampuni, uzito, bandari. Wenye mikataba wa leo wakiambiwa waongeze neno kuchimba kwenye kifungu cha sita, watakuwa wanafanya jambo ambalo karatasi za madini ya Kongo hazijawahi kufanya.

Ningewaelewa watu wa Kinshasa wakiniambia kwamba kubadilisha kifungu ni kazi ngumu. Ni kweli, kunahitaji theluthi mbili ya wanachama. Lakini kabla ya kubadilisha kifungu kuna njia fupi: nchi wanachama wakikutana, wanatoa matamko na mpango wa kazi, na huko ndiko kila mmoja anapoweza kusimama na kusema, kwetu mambo yalianza mapema zaidi, yalianza mgodini. Neno likishaingia kwenye kumbukumbu za mkutano, linapata wenyewe.

Mkutano wa kwanza wa kuupitia mkataba huu umepangwa New York mwishoni mwa mwaka 2026, Afrika Kusini ikiwa kwenye kiti. Afrika Kusini ni nchi pekee duniani iliyotengeneza mabomu yake yenyewe kisha ikayabomoa, nayo pia ina wachimbaji wa urani na dhahabu wanaokohoa. Kwa mwenyekiti wa namna hiyo hatuhitaji kueleza sana. Waheshimiwa wabunge wa Fizi na wa Baraka, mlioomba kura zetu, barua ya kuombea nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano ule haiandikwi New York. Inaandikwa wizarani Kinshasa, na mtu wa kuiulizia hapo wizarani ni mbunge.